Simu Ikilia Kila Saa, Hakuna Anayeisikia: Jinsi ya Kupunguza Arifa Bila Kukosa Ile ya Pesa Yako

Kabla hujaendelea kusoma, hebu tufanye zoezi dogo. Fungua simu yako uhesabu meseji na arifa zote zilizoingia tangu asubuhi. Za bando, za mkopo, za kubashiri mechi, za grupu la chama, za ile apu uliyoipakua mwaka jana ukaitumia mara moja tu. Umemaliza? Sasa jiulize: ngapi kati ya hizo zilihusu pesa iliyoingia au kutoka kwako? Na hizo chache, ulizisoma mpaka mwisho?

Zoezi hili tulilifanya na mteja wetu mmoja, mama mwenye duka la nafaka katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Ametupa ruhusa tusimulie kisa chake, mradi tu tusimtaje jina. Siku tuliyomtembelea, kufikia saa nane mchana simu yake ilikuwa imeingiza meseji 43. Kumi na moja ndizo zilizokuwa za pesa.

"Kijana wangu," akatuambia, "hii simu imekuwa kama matatu ya muziki. Kelele mpaka unapitishwa steji yako."

Na kweli alikuwa amepitishwa steji. Miezi kadhaa kabla ya hapo, alichoshwa na milio akaamua kuzima sauti ya meseji zote. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kijana aliyekuwa akimsaidia dukani alikuwa anaijua PIN, maana mama mwenyewe ndiye aliyempa ili alipe wanaoleta magunia. Kijana akaanza kutuma kidogo kidogo. Mia tatu leo, mia tano kesho. Kila alipotuma, ujumbe wa kuthibitisha uliingia kwenye simu kama kawaida, ukiwa na kiasi, jina la aliyepokea, saa na salio. Baada ya miezi miwili mama alipoomba taarifa ya akaunti, jumla ilikuwa imepita shilingi elfu kumi na nne.

Kilichotugusa zaidi ni hiki: yule kijana hakufuta hata ujumbe mmoja. Hakuhitaji. Jumbe zote zilikuwa pale pale kwenye simu, zimekaa katikati ya matangazo, na hakuna aliyezisoma.

Mara nyingi tunadhani ubaya wa arifa zisizotakikana ni usumbufu tu. Usumbufu upo, lakini hasara yenyewe ni kwamba zinakufundisha kutosoma. Ukishazoea kupuuza meseji tisa za bure, ya kumi yenye maana unaipuuza kwa mkono ule ule.

Hata wakubwa wamewahi kulala

Usidhani jambo hili ni la wenye maduka madogo peke yao. Mwishoni mwa mwaka wa 2013, Target, moja ya kampuni kubwa za maduka nchini Marekani, ilivamiwa na wezi wa mtandaoni. Waliingia kwa kutumia nywila za kampuni ya nje iliyokuwa ikishughulikia mitambo ya kupooza hewa, kisha wakapanda programu yao kwenye mashine za malipo pale kaunta. Taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40 ziliibwa kati ya Novemba 27 na Desemba 15.

Kinachoshangaza ni kwamba king'ora kililia. Target ilikuwa na mfumo wa kufuatilia mtandao wake, na mfumo huo ulitoa tahadhari mapema. Baadaye kampuni yenyewe ilikiri kwamba tahadhari ilionekana, ikatazamwa, na ikaamuliwa kuwa haihitaji hatua ya haraka. Kampuni kubwa kama hiyo hupokea tahadhari nyingi mno kila siku, na nyingi huwa si za maana. Kumbe hii ilikuwa ya maana. Mei 2014 mkurugenzi mkuu wake, Gregg Steinhafel, aliacha kazi. Mwaka wa 2017 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 18.5 ili kumaliza madai ya majimbo 47 pamoja na mji mkuu wa Washington.

Unaona kwamba yule mama wa nafaka na kampuni ile kubwa walianguka kwenye shimo moja. Wote wawili walikuwa na king'ora, na kililia. Shida ni kwamba kilikuwa kimelia mara nyingi bila sababu mpaka masikio yakazoea.

Mafundi wa mtandao wanafanyaje?

Kampuni yoyote ya malipo, yetu ikiwemo, huwa na mafundi ambao kazi yao ni kuangalia mitambo usiku na mchana. Wanatumia programu za ufuatiliaji. Programu hizo huuliza kila kifaa, iwe ni rauta, seva au betri ya akiba, "uko sawa?" kila baada ya muda mfupi. Kifaa kisipojibu, au kikijibu vibaya, fundi anapata arifa.

Sasa fikiria vifaa mia tano, kila kimoja kikiwa na sababu zake ishirini za kulalamika. Printa imeishiwa wino. Kompyuta ya mhasibu imezimwa saa kumi na moja jioni, kwa hivyo waya wake "umekatika". Seva imefanya kazi kwa nguvu sekunde mbili halafu ikatulia. Fundi akipokea zote hizo, kufikia wiki ya pili atakuwa amezima simu. Ndiyo maana wana mbinu zao za kunyamazisha kelele bila kuziba masikio. Tumewauliza, na tumegundua kwamba nyingi ya mbinu hizo zinafaa hata kwa simu iliyo mfukoni mwako.

*1. Kata kelele kule inakotoka.* Fundi haendelei kupokea arifa ya kompyuta ya mhasibu kila jioni na kuifuta. Anaiambia programu: hii usiiangalie tena. Basi. Nawe usibaki ukifuta meseji ile ile ya matangazo kila siku. Jiondoe. Meseji nyingi za matangazo hapa Kenya huwa na maelezo ya kujiondoa mwishoni, kwa kawaida neno STOP likifuatwa na nambari ya kupiga au kutumia ujumbe. Wengi wetu hatufiki huko mwisho.

Na usione kana kwamba unaomba hisani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupinga data yako kutumiwa, na kanuni zilizofuata mwaka wa 2021 zinamtaka anayekutumia matangazo akupe njia rahisi ya kujiondoa. Ukijiondoa na bado wanakutumia, unaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tahadhari moja tu: kama meseji imetoka kwa nambari ya kawaida ya simu usiyoijua na inanuka utapeli, usiijibu na usibonyeze linki yoyote. Izuie tu.

*2. Nyamazisha aina moja, usinyamazishe kifaa kizima.* Hapa ndipo mama wetu wa nafaka alikosea, na hayuko peke yake. Fundi akisumbuliwa na arifa za wino wa printa, hazimi arifa za printa zote, achilia mbali za jengo zima. Anazima ile ya wino pekee.

Simu yako inaweza kufanya hivyo pia. Kwa simu za Android, arifa ikiingia, ibonyeze na ushikilie kidole kwa muda. Utaona chaguo la kuinyamazisha au kuizima. Tangu Android 8, iliyotoka 2017, apu moja inaweza kugawa arifa zake katika makundi, kwa mfano matangazo upande huu na miamala upande ule. Zima matangazo, acha miamala. Kama unatumia iPhone, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya arifa, uchague apu moja baada ya nyingine. Kwa meseji za kawaida, fungua mazungumzo ya mtumaji anayekusumbua na umnyamazishe yeye peke yake. Mtumaji wa jumbe za pesa mwachie sauti yake. Tena, kama simu yako inaruhusu, mpe mlio wa kipekee usiofanana na mwingine wowote, hata ukiwa jikoni ujue ni pesa.

*3. Weka kizingiti, lakini uwe mwangalifu.* Mafundi hawataki kujua kila seva inapotoa jasho. Wanaweka kiwango: nijulishe ikifanya kazi kwa zaidi ya asilimia 90 kwa dakika kumi mfululizo. Baadhi ya apu za benki nazo hukuruhusu kuchagua kiasi, kwamba usijulishwe miamala iliyo chini ya shilingi elfu moja, kwa mfano.

Kwa pesa inayoingia, hilo ni sawa kama biashara yako ina wateja wengi wa shilingi hamsini hamsini. Kwa pesa inayotoka, tunakushauri usiweke kizingiti chochote. Mwizi mwenye akili haanzi na elfu hamsini. Anaanza na mia tatu, anaangalia kama utashtuka. Kisa cha mama ndio ushahidi.

*4. Kunyamazisha kuwe na saa ya mwisho.* Mafundi wakienda kubadilisha kifaa, wanaiambia programu: kati ya saa sita na saa nane usiku usitupigie kelele, ni sisi wenyewe tunafanya kazi. Muda ukiisha, king'ora kinarudi chenyewe. Kosa linalojulikana na kila fundi ni kunyamazisha kwa muda usio na mwisho, halafu kusahau.

Wewe je? Uko kanisani, msikitini, darasani, au umelala. Tumia ile hali ya Usinisumbue, lakini iwekee saa ya kuisha. Simu nyingi pia zinakuruhusu kuchagua watu au apu ambazo zinaweza kupita hata wakati huo. Weka humo mtoto wako, mlinzi wa duka, na arifa za pesa.

*5. Tafuta mzizi kabla ya kuhangaika na matawi.* Rauta ya tawi moja ikizimika, kila kitu kilicho nyuma yake kinaonekana kimekufa: kompyuta, kamera, printa, simu za mezani. Programu isiyopangwa vizuri itatuma arifa arobaini. Iliyopangwa vizuri itatuma moja tu: rauta imezimika.

Hili lina maana kubwa kwako ukiwa na biashara. Tuseme asubuhi apu ya kamera inasema kamera nne haziko hewani, apu ya mauzo haifunguki, na tili yako haionyeshi malipo mapya kwenye apu. Usianze kupiga simu nne kwa watu wanne. Angalia kwanza kama stima iko, kisha kama intaneti iko. Mara nyingi tatizo ni moja, limevaa nguo nne.

*6. Subiri kidogo kabla ya kushtuka.* Kifaa kinaweza kukosa kujibu mara moja kwa sababu mtandao ulikuwa mzito tu. Kwa hivyo programu nyingi za ufuatiliaji zinaweza kupangwa zijaribu, tuseme, mara tatu mfululizo ndipo zipige kelele. Hata ujumbe wa malipo huchelewa wakati mwingine. Mteja amelipa, ameonyesha simu yake, na wewe hujapata kitu. Usimwite mwizi, na usimwachie mzigo. Subiri kidogo, kisha angalia salio lako mwenyewe.

Makundi matatu tu yanatosha

Ukishaelewa mbinu hizo, kazi inakuwa rahisi. Kila arifa inapoingia, jiuliza swali ambalo mafundi hujiuliza: je, kuna kitu natakiwa kufanya sasa hivi?

*Iache ilie:* pesa imetoka, pesa imeingia, PIN au nywila imebadilishwa, umetumiwa namba ya siri ya kuthibitisha, kuna kifaa kipya kimeingia kwenye akaunti yako. Na kuna ishara moja isiyotoa mlio kabisa: laini yako kukosa mtandao ghafla huku za wenzako mahali pale pale zinafanya kazi. Hiyo inaweza kuwa dalili kwamba mtu ameibadilisha laini yako. Tafuta simu nyingine uwapigie watoa huduma wako mara moja.

*Ije kimya, utaisoma jioni:* grupu la chama, taarifa za shule, salio la bando, kumbukumbu ya kulipa bili wiki ijayo.

*Iondoke kabisa:* mikopo ambayo hukuomba, kubashiri, ofa za duka ulilonunua kitu mara moja miaka mitatu iliyopita. Waswahili walisema debe tupu haliachi kuvuma. Usilifunike blanketi, litoe nje.

Kuwa na arifa si kuwa na pesa

Hapa tunataka kuongea polepole. Matapeli wanajua umechoka na meseji, na wanajua husomi vizuri. Ndiyo maana wanakutumia ujumbe unaofanana na wa malipo, halafu baada ya dakika moja anakupigia mtu mwenye sauti ya huzuni: "Samahani ndugu yangu, nimetuma kimakosa, ilikuwa ni ya mtoto hospitali, tafadhali nirudishie." Ukitazama haraka unaona neno "umepokea" na kiasi. Unarudisha. Kumbe hukupokea chochote. Umetuma pesa yako mwenyewe.

Kwa hivyo usiishie kwenye ujumbe. Angalia mtumaji ni nani: ni jina rasmi la huduma au ni nambari ya kawaida inayoanza na 07 au 01? Kisha angalia salio kwenye apu au kwenye menyu yako. Kwa watumiaji wa M-Pesa, menyu hiyo ni *334#. Kama salio halijapanda, hakuna pesa, hata kama ujumbe umeandikwa vizuri namna gani. Na kama kweli kuna mtu ametuma kimakosa, mwambie afuate utaratibu wa kurudishiwa kupitia huduma yenyewe. Kwa M-Pesa, aliyekosea hutuma ujumbe wake wa muamala kwenda 456. Meseji za utapeli kwenye Safaricom unaweza kuzituma kwa 333. PIN yako hakuna mtu wa huduma atakayekuuliza, sisi tukiwemo.

Kwa wenye biashara

Mambo mawili tu. Kwanza, tenga laini ya biashara na laini yako binafsi. Laini ya biashara usiitumie kujisajili kwenye ofa, kubashiri wala wifi ya bure mjini. Ukifanya hivyo, karibu kila meseji itakayoingia humo itakuwa ya kazi, na utaisoma.

Pili, amua ni nani anayepata arifa gani. Mfanyakazi wa kaunta anahitaji kuona malipo yanayoingia. Arifa za pesa inayotoka zinakuja kwako, mwenye duka, na PIN inabaki kichwani mwako. Kama lazima mtu mwingine alipe wanaoleta mzigo, tuulize kuhusu akaunti ya biashara ambayo kila mtu anaingia kwa nywila yake, ili ijulikane nani amefanya nini.

Je, na sisi?

Haitakuwa haki tukuhubirie halafu tujisahau. Ndiyo, sisi pia tunatuma meseji za ofa, na nyingine huenda zimekufikia ukiwa katikati ya usingizi au mazishi. Kama hutaki, jiondoe kwenye apu yetu, sehemu ya arifa, au uwaambie wahudumu wetu ukipiga simu. Hatutanuna. Ukizima ofa zetu, jumbe za miamala hazizimiki; zile ni zako na zitaendelea kuja. Kusema kweli, sisi watu wa masoko tunaona afadhali ukose ofa zetu kumi kuliko ukose ujumbe mmoja unaosema pesa imetoka.

Yule mama wa nafaka siku hizi ana laini mbili. Ile ya duka inaingiza jumbe chache, na za pesa zina mlio wake: kengele fupi, kama ya baiskeli. Alibadilisha PIN siku ile ile. Kila jioni, kabla ya kufunga, anakaa kwenye gunia la maharagwe na kupitia jumbe za siku, moja moja, akilinganisha na daftari. Anasema inamchukua dakika tano.

Tulipokuwa tunaaga, ile kengele ikalia. Akaacha kuongea nasi katikati ya sentensi, akasoma ujumbe mpaka mwisho, akainua macho.

"Ni ya gunia mbili za mahindi," akasema. "Haya, mlikuwa mnasema?"

Leo jioni tenga dakika kumi na tano. Jiondoe kwa watumaji watano, nyamazisha apu tatu, na uupe ujumbe wa pesa mlio wake. Ukikwama popote, tupigie au utembelee wakala aliye karibu nawe, tutakuelekeza hatua kwa hatua.